Mkono Mzito wa Mwalimu Muattar

Mwalimu Muattar alikuwa mwanamke wa kicheko. Akianza kucheka darasani, mwalimu wa chumba cha pili alikuwa anaweka chaki chini na kusubiri, maana hakuna mtoto ambaye angemsikiliza hapo katikati. Alizaliwa mjini Kokand, binti wa kondakta wa basi, akaolewa na Ikrom fundi wa matrekta katika kijiji cha Chinorli. Huko alipewa darasa la sita na somo la sayansi, na tangu hapo hakuna aliyemwona akitembea polepole. Alijua kukamua ng'ombe, kuoka mkate, kumnyamazisha mkaguzi wa elimu kwa sahani ya pilau. Jambo moja tu hakuruhusiwa kuligusa, nalo ni ngano ya sumalak.

Alikuwa na mkono mzito. Hivyo ndivyo kijiji kilivyokuwa kimekubaliana.

Sumalak ni uji mzito wa ngano iliyochipua, na bila huo majira ya kuchipua hayafiki Chinorli, hata kalenda iseme nini. Wanawake huukoroga mchana na usiku kucha katika sufuria kubwa la chuma, wakiimba na kusengenya. Lakini kabla ya kukoroga lazima ngano ioteshwe, na kuotesha si kazi ya kila mtu. Kuna mwenye mkono mwepesi, ngano ikimwona inachipua. Kuna mwenye mkono mzito, ikimwona inaoza. Nani ni nani hujulikana mara ya kwanza tu, na hukumu hiyo haina rufaa.

Muattar alihukumiwa akiwa bado bibi arusi. Mama mkwe wake, Bibi Holbuvi, ndiye aliyekuwa mwoteshaji wa kijiji, na kwa kutaka kuwaringishia majirani mkaza mwana wake wa mjini, alimpa beseni la ngano akamwambia aoteshe yeye. Muattar aliiosha, akailoweka, akaitandaza juu ya ubao. Ikabaki kuamua pa kuiweka. Bibi Holbuvi siku zote aliweka yake ghalani, sakafuni, katikati ya karoti na mapipa, chini ya kipande cha shashi kilichochakaa. Muattar aliona haya kwa niaba ya ngano. Hiyo si ngano ya kulisha kuku, ni ya sumalak, ni mgeni, na kwao mgeni halazwi ghalani. Akaipeleka chumbani kwake mwenyewe, akaiweka pale mkabala na mlango wanapokalishwa wageni wa heshima, akaifunika shashi mpya na juu yake mfarishi wa atlasi aliokuja nao kama mali ya arusi.

Siku ya kufunua, majirani walikuja wamevaa vizuri. Mfarishi ulipoinuliwa ilitoka harufu ya uchachu iliyowafanya wote washike pua kwa pembe za vitambaa vyao. Ngano ilikuwa imevaa ukungu wa kijivu kama manyoya ya paka. Bibi Holbuvi hakugomba. Alimfuta mkaza mwana wake machozi, akasema kwa upole, "Basi, mwanangu, usilie. Mkono wako mzito tu, si dhambi. Mungu amekupa mengine."

Na upole huo ndio uliomuumiza, kwa sababu mtu akikugombeza unaweza kumjibu, lakini akikuonea huruma utamwambia nini?

Tangu mwaka ule kazi yake ikawa kuokota kokoto laini mtoni za kutia sufuriani ili uji usishike chini, na kukoroga zamu yake. Wanawake walimtania. "Koroga, Mwalimu, koroga, ila usiutazame sana!" Yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Lakini kila mwaka siku za kulowesha ngano zikifika, alipata sababu ya kubaki shuleni mpaka jua lizame. Iliuma, tusifichane. Watoto wake walizaliwa, wakakua, na bado iliuma.

Sasa mwaka huu ninaousimulia, mwishoni mwa baridi, Bibi Holbuvi aliteleza kwenye barafu kando ya mtaro akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Walimfunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Jioni moja wakiwa wameketi kuzunguka kitambaa cha chakula, akatangaza uamuzi wake.

"Siku ya Wanawake ikishapita, ubao nampa Gulsanam wa ng'ambo ya mtaro. Ana mkono mwepesi yule. Hata mti mkavu akiugusa unachanua."

"Na sufuria?" Muattar aliuliza.

"Sufuria hufuata ngano."

Muattar akaweka kikombe chini. Sufuria lile lilikuwa limekaa katika ua huu tangu enzi za mama mkwe wa Bibi Holbuvi. Likivuka mtaro halitarudi, hilo kila mtu alilijua, na nyimbo na kokoto na majirani wote watavuka nalo.

"Mama, nipe mimi."

Ikrom alipaliwa na chai. Bibi Holbuvi akamtazama mkaza mwana wake kwa mapenzi yote.

"Mwanangu, nyumba nakupa. Ng'ombe nakupa. Hata huyu," akamwonyesha Ikrom kwa plasta yake, "nilishakupa zamani na sikudai arudishwe. Lakini ngano? Kijiji kizima kile nini, ukungu?"

Walicheka wote, na Muattar akacheka. Kisha akatoka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi tayari.

Kesho yake darasani alikuwa na somo jipya. Kitabu kilisema wanafunzi wajifunze kutofautisha, katika jaribio, kile kinachobadilika na vile visivyobadilika. Kitabu kilitoa mfano wa maharage, lakini nani ana maharage ya kuchezea mwezi wa pili? Muattar alikuwa na ngano ya kuku mfukoni mwa koti. Akaweka sahani mbili za bati juu ya meza ya dirishani.

"Sikilizeni. Tunataka kujua kama ngano inahitaji maji ili ichipue."

"Inahitaji!" darasa likapiga kelele.

"Nani kasema?"

"Kila mtu anajua, Mwalimu!"

"Kila mtu hayumo humu ndani. Sisi tutahakikisha wenyewe. Sahani hii itapata maji, hii haitapata. Maji ndiyo kinachobadilika. Sasa niambieni, nini hakibadiliki?"

Wakataja. Ngano ni ileile. Sahani ni zilezile. Dirisha ni hilohilo, shashi ni hiyohiyo.

"Na kwa nini tunahangaika vyote hivyo viwe sawa?"

Mkono wa Robiya ukapanda. Robiya alikuwa mjukuu wa Gulsanam wa ng'ambo ya mtaro, msichana mwenye nywele za kusuka na ulimi mkali. "Ili tukiona tofauti, tujue nani wa kulaumiwa."

"Umesema vizuri kuliko kitabu," Muattar akamwambia, naye Robiya akakaa akijitazama kucha.

Basi sahani moja ikawa na maji na nyingine kavu, na Muattar akaandika kwa chaki juu ya meza karibu na ile kavu: *Usitie maji.* Wiki ilipokwisha wakafunua shashi. Sahani ya maji ilikuwa imechipua vizuri, vijino vyeupe kila mahali. Na sahani kavu ilikuwa imechipua vizuri zaidi.

Muattar aliinua sahani kavu, ikamwagika maji kwenye kiatu chake.

"Nani?" akauliza.

Shohruh, mtoto wa mwenye kinu, akasimama akiangalia sakafu. "Mimi, Mwalimu. Kidogo tu. Matone. Ilikuwa inaniangalia."

"Ngano ilikuwa inakuangalia?"

"Nafaka ukiinyima inakushtaki kwa Mungu, Mwalimu. Bibi kasema."

Wa pili akasimama. Naye alitia. Wa tatu naye. Msichana wa dawati la nyuma alisema yeye alikuwa anatia kila asubuhi kwa sababu alidhani wengine wote wamesahau. Mmoja alikuwa ameipa theluji, ili isihesabiwe kuwa maji. Robiya alibaki amekaa, mgongo wima, uso mwekundu.

"Na wewe Robiya, uliyejua nani wa kulaumiwa?"

"Mimi niliipa chai," Robiya akasema kwa hasira. "Lakini ilikuwa imeshapoa!"

Muattar alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, mwalimu wa chumba cha pili akaweka chaki chini. Mlinzi wa shule, Mzee Tursun, akachungulia kuuliza kuna nini, na alipoambiwa, akavua kofia akajikuna kichwa.

"Kumbe haikutakiwa?" akasema. "Mimi kila jioni nikifagia naona hii maskini imesahauliwa."

Hapo Muattar akacheka mpaka machozi, akajifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kisha akainua mkono kama mwanafunzi. "Na mimi pia," akasema. "Ijumaa, mlipokwisha kutoka. Nilikung'uta vidole juu yake. Sikuweza kuondoka hivihivi."

Watoto walipiga kelele za furaha kiasi kwamba njiwa waliruka juu ya paa. Kelele zilipotulia, Shohruh, ambaye alishaona leo ni siku ya kusema lolote, akasema, "Basi Mwalimu, si kweli mkono wako mzito. Hata wewe umeigusa na imechipua."

Hilo lilikuwa neno la nyumbani, la bibi zao, halikuwahi kutamkwa shuleni. Robiya alimpiga Shohruh teke chini ya dawati.

Muattar hakucheka safari hii. Alijiketisha kwenye kiti. Alikuwa anaifikiria sahani iliyonyimwa maji, na jinsi darasa zima pamoja na mlinzi lilivyoharibu jaribio bila hata mmoja kuwa na nia mbaya. Wote walikuwa wameongeza kitu kwa mapenzi, kimyakimya, na hakuna aliyesema. Akajiuliza, na mimi mwaka ule niliongeza nini?

"Watoto," akasema, "hebu tuanze upya. Safari hii anayeionea huruma ngano aje aniambie kwanza."

Akaeleza kisa chake chote cha mfarishi wa atlasi, jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu. Walisikiliza midomo wazi. Kisha wakaanza kupanga, na hapo ndipo Muattar alipojisikia mwalimu kweli, kwa sababu walimkosoa kila hatua.

"Mimi nitaotesha moja kwenye ukumbi wa baridi, na nyingine kando ya jiko la chumba cha walimu chini ya mfarishi," alisema.

"Hapo umebadilisha viwili, Mwalimu," Robiya akamkatiza. "Jiko na mfarishi. Ikioza utamlaumu nani?"

"Na mkono?" akauliza Shohruh. "Mkono nao lazima upate sahani yake."

Wakabishana mpaka kengele ikalia na hakuna aliyenyanyuka. Mwishowe zikawa sahani nne, ngano ya gunia moja, maji ya mtaro uleule, bati lilelile. Ya kwanza aliiotesha Robiya, akaiweka ukumbini penye baridi chini ya shashi. Ya pili aliiotesha Muattar, ukumbini vilevile, chini ya shashi vilevile, ili kati ya hizo mbili kitofautiane kitu kimoja tu, mkono. Ya tatu ni ya Muattar, ukumbini, ila imefunikwa shashi na mfarishi. Ya nne ni ya Muattar, chini ya shashi, ila imewekwa kando ya jiko la chumba cha walimu, na walimu wenzake walilalamika wakazoea. Kwa kuzilinda, watoto walijipangia zamu. Si kuzilinda na panya, bali kulindana wao kwa wao.

Chinorli ni kijiji. Kabla sahani hazijamaliza siku zake, kila nyumba ilikwisha kusikia kwamba mwenye mkono mzito anaotesha ngano shuleni, mbele ya watoto wa watu, tena siku za sumalak zimekaribia. Wengine walicheka. Wengine walisema ataleta mkosi. Gulsanam mwenyewe alimwambia Bibi Holbuvi kwenye mtaro, kwa sauti ya kujali sana, "Dada, mwambie mkaza mwana wako aache. Mjukuu wangu ana mkono mwepesi kama wangu, huyo atamwambukiza."

Hilo lilimkata Bibi Holbuvi ini. Yeye kumcheka Muattar ni sawa, ni wake. Lakini Gulsanam? Alivaa kanzu yake ya kutokea, akatia plasta yake kwenye kombeo, akaenda shuleni kumaliza jambo hilo. Alifika siku ileile watoto walipokuwa wameleta sahani zote nne darasani na kujipanga kufunua.

"Muattar!" aliita mlangoni. "Mwanangu, unanitia aibu gani hii?"

"Bibi kaja, Bibi kaja!" watoto wakamzingira. Bibi Holbuvi alikuja kugomba, lakini kabla hajafungua mdomo alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti cha mwalimu, ameshikishwa bakuli la chai kwa mkono wake mzima, na Robiya amesimama mbele yake kwa adabu kubwa mno.

"Bibi, wewe ndiye unayejua ngano kuliko wote," Robiya akasema. "Tusaidie. Usituulize nani kaotesha ipi. Wewe tazama tu, utuambie mkono."

Muattar alitaka kuzuia, lakini Bibi alikuwa ameshazisogelea sahani. Alisimama kando ya ubao akishika chaki kana kwamba itamsaidia.

Bibi Holbuvi hakuweza kukataa ngano iliyowekwa mbele yake, kama vile fundi asivyoweza kupita saa iliyosimama. Akafunua shashi ya kwanza. Akanusa. Akachukua punje moja yenye kijino cheupe, akaitafuna kwa meno ya mbele, macho yamefumbwa. Akafunua ya pili, akafanya hivyohivyo. Akarudi ya kwanza. Chai ikapoa.

"Tamu," akasema. "Zote mbili tamu, hazijaanza kuwa kijani. Hizi ni za mkono mmoja, na mkono wenyewe mwepesi. Ni za mjukuu wa Gulsanam, eh?"

Watoto walijiziba midomo kwa viganja. Shohruh alikuwa anarukaruka.

"Bibi, moja ni ya Robiya," akasema. "Na moja ni ya Mwalimu!"

"Ipi?"

"Wewe tuambie!"

Bibi Holbuvi akazitazama tena. Akazinusa tena. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ngano ilikuwa imekataa kumwambia kitu. Akamgeukia Muattar, lakini Muattar alikuwa anatazama sakafu, kwa sababu alijua akimtazama atalia.

"Hii ya tatu?" Bibi akauliza kwa haraka.

"Ya Mwalimu, chini ya mfarishi, penye baridi."

"Nayo nzuri," akanong'ona. Akasogeza mkono kwenye ya nne, na kabla hajainua shashi, pua yake ilikuwa imeshakunjamana.

"Hii imeokwa! Nani kaiweka penye moto? Ala! Ngano ya sumalak haiwekwi penye moto, inachacha, hata mtoto mchanga anajua!"

"Ni mimi, Mama," Muattar akasema. "Niliiweka makusudi kando ya jiko. Lakini inuse vizuri. Huikumbuki harufu hii?"

Bibi Holbuvi akainuka nusu kutoka kwenye kiti, akainama juu ya sahani iliyovaa ukungu, akanusa.

"Ni ileile," akasema. "Ya mwaka wa arusi yako."

"Ni ileile. Na hapo ndipo ninapokwama, Mama. Mkono umeshindwa kuiozesha, na mfarishi umeshindwa. Kimebaki moto. Lakini chumba changu hakikuwa na moto. Nilikuwa bibi arusi, nilikuwa naona haya kuomba mabua ya pamba ya kuwashia, nikawa nalala jiko limezimika. Mume alikuwa Tashkent kikazi mwezi mzima. Hakuna aliyewasha jiko mle ndani. Sasa ngano iliokwa na nini?"

Watoto walikuwa wanamtazama Mwalimu, kwa sababu hilo hawakuwa wamelisikia. Robiya alikunja uso. Alikuwa anatafuta ni kitu gani kilichobadilika bila kuandikwa ubaoni.

Bibi Holbuvi aliketi. Aliketi taratibu, mkono wa plasta ukiwa juu ya paja, na uso wake wote ukaanza kutetemeka, na Muattar akadhani ameumia.

"Mama?"

"Nilikuwa nawasha mimi."

"Nini?"

"Uliletwa mwembamba," Bibi Holbuvi akasema. "Mtoto wa mjini, mikono kama vijiti vya kuni. Nilimwambia mume wangu huyu atakufa kwa baridi kabla ya theluji kuyeyuka, tutamwambia nini mama yake? Na wewe huombi kitu, umeziba mdomo kwa haya. Basi kila alfajiri kabla hujaamka nilikuwa naingia na mzigo wa mabua, najaza jiko, nawasha, natoka bila viatu ili nisikuamshe. Ukiamka mabua yameshateketea, limebaki joto tu. Hivyo mfululizo. Mpaka theluji ikaisha." Akajifuta pua kwa kombeo. "Ngano ilikuwa hapohapo mbele ya jiko, imefunikwa mfarishi. Niliiruka kila siku. Nikasema, mtoto huyu ana heshima, kaiweka pa mgeni. Sikufikiri. Miaka yote hii nakuita mkono mzito, kumbe ni moto wangu!"

Muattar alikumbuka. Alikumbuka alivyokuwa anaamka kwenye chumba chenye joto na kushangaa, na alivyomwandikia mama yake Kokand kwamba nyumba za Chinorli zina kuta nzuri. Alikumbuka kwamba majira yale, ugenini, joto la asubuhi ndilo lililomfanya aweze kuinuka. Akaenda kwa mama mkwe wake akapiga magoti, akamkumbatia pamoja na plasta na kombeo, wakalia wote wawili na kucheka kwa wakati mmoja, na darasa la sita likawa halijui lifanye nini, likapiga makofi.

"Bibi," Shohruh akasema alipoona wamenyamaza kidogo, "ungemwambia kwanza Mwalimu. Sisi sasa tuna sheria. Ukiionea huruma unasema."

"Nyamaza we," Robiya akamwambia, lakini naye alikuwa anajifuta macho.

Gulsanam hakupata ubao. Alipelekewa ujumbe, naye akasema hewala, isipokuwa alitaka ijulikane kwamba sahani ya mjukuu wake ilikuwa tamu sawasawa na ya Mwalimu, na kijiji kikakubali ijulikane. Siku ya Wanawake ilipopita, Muattar aliosha ngano, akailoweka, akaitandaza juu ya ubao wa mama mkwe wake mbele ya majirani wote. Kisha akaibeba mwenyewe mpaka ghalani, akaiweka sakafuni katikati ya karoti na mapipa, akaifunika shashi iliyochakaa. Wanawake walisimama mlangoni wakimtania kama kawaida yao, "Mfarishi wako uko wapi, Mwalimu?" naye alicheka mpaka kuku wakakimbia uani.

Alfajiri iliyofuata baridi ilikuwa kali bado. Muattar aliamka kabla ya watu wote, akachukua mzigo wa mabua ya pamba chini ya kibanda, akavua viatu mlangoni kwa Bibi Holbuvi, akaingia kwa ncha za vidole. Alilijaza jiko, akawasha, akangoja mpaka moto ukashika. Bibi kizee alikuwa amelala ameupa ukuta uso, plasta juu ya blanketi, akikoroma vizuri. Muattar akageuka kutoka.

"Muattar," sauti ikasema kutoka kitandani, na kukoroma kukaisha ghafla.

"Naam, Mama?"

"Mlango wa ghala umeufunga?"

"Nimeufunga, Mama."

"Haya. Ongeza na lile bua kubwa, basi."